Sauti Sitini na Tatu

Melania Kibena alizikwa Jumanne saa nane mchana, na msiba mzima ulikuwa na faraja moja tu: kwamba Jumamosi alikuwa mzima. Kila aliyeingia uani kutoa pole alilileta neno hilo na kuliweka mbele za watu kama zawadi. Jumamosi si tulimsikia? Aliitika vizuri kabisa. Wanawake waliokuwa wakimenya ndizi walitikisa vichwa, wakasema hata sauti yake siku ile ilikuwa laini kuliko kawaida, kumbe ndiyo alikuwa anawaaga.

Mwanamke mmoja, jina lake Sikudhani Mloka, aliyasikia hayo akisugua sufuria lililokwisha takata zamani. Yeye alikuwa katibu wa ukumbi, tena fundi redio wa mtaa, na katika watu wote waliojaa ua ule ni yeye peke yake aliyejua kwamba Jumamosi Melania hakuitika. Majina yalipokuwa yakiitwa, Melania alikuwa sakafuni nyumbani kwake, nyonga imevunjika, hatua nne kutoka kwenye redio ya ukutani.

Karatasi ya muuguzi ilikuwa ndani ya mkoba wake. Muuguzi wa kata, mwanamke kijana aitwaye Frida, alimkabidhi Jumatatu, maana karatasi za vifo vya mtaa hupokelewa na katibu wa ukumbi. Alimweleza taratibu, kwa sauti ya mtu aliyezoea kueleza mambo kama hayo. Marehemu alianguka Ijumaa jioni. Bomba la nyumba halikufunguliwa tena baada ya saa kumi na mbili siku hiyo. Alijikokota kidogo, akashindwa. Roho ilitoka Jumapili alfajiri.

Frida alitoka mtaa mwingine na hakuwa na nia mbaya. Aliuliza tu alipokuwa akifunga begi lake: "Mama, kwani huku kwenu hamna utaratibu wa kupitiana?"

Sikudhani alimjibu kwamba upo. Angeweza hata kumwambia kuwa ni mtaa wao wa Karakana ulioufundisha mji mzima utaratibu huo, lakini aliitia tu karatasi mkobani.

*

Ukumbi wa Karakana zamani ulikuwa gereji ya mabasi. Shimo ambalo mafundi walisimama ndani yake wakichokonoa matumbo ya magari lilifunikwa mbao, na juu ya mbao hizo watu wamecheza ngoma, wamefunga ndoa na wamegombana kwa miaka zaidi ya ishirini. Jumatatu ni siku ya cherehani. Jumatano watu huleta feni, viatu na redio zilizokufa, na hakuna kinachotupwa mpaka mafundi watatu wakubaliane kwamba kimeshindikana. Alhamisi ni ya mbegu. Ijumaa ni ya kwaya na bendi, vikundi viwili visivyopendana hata kidogo, ambavyo vimegombea kabati moja tangu watu wakiwa na meno yao yote. Paa huvuna jua na mvua, na nyuma kuna mashimo ya mboji yanayolisha vitalu vya mchicha.

Mji wa Morogoro ulipoelemewa na joto, wataalamu walizunguka mitaa yote na vipimo vyao, wakagundua jambo ambalo bibi yeyote angewaambia bure akiwa anasonga ugali. Mtaa ambao watu wake hukutana hutumia maji nusu, hutoa taka robo, na huzika watu wachache jua linapochachamaa. Ndipo ikaja sheria. Mtaa wenye ukumbi hai na watu sitini wanaoitika kila Jumamosi unaachiwa fungu lake la maji ya mlimani na umeme wa mapaa yake. Ukipungukiwa Jumamosi nne mfululizo, unakunjwa. Maji yanapelekwa kwingine, na watu wanahamishiwa Majumba ya Reli.

Hakuna anayeteswa huko Majumba. Zubeda, binti yake Sikudhani, anakaa ghorofa ya kumi na nne, chumba chake ni cha baridi na mlango unajifunga wenyewe. Mama yake alipomuuliza jirani yake ni nani, alisema hajawahi kumwona ila anajua kuunga mchuzi, harufu humfikia.

Kinachohesabu watu ni Sikio. Ni dude la kauri, upana wa sahani ya wali, limening'inia darini katikati ya ukumbi. Halitunzi maneno wala halina habari na umbeya. Linachotambua ni koo la mtu na pumzi zake, vitu ambavyo havifanani kwa watu wawili. Mgonjwa au mzee anaruhusiwa kuitikia kupitia redio ya ukutani nyumbani kwake, na sauti yake hutoka katika spika za ukumbini na kuhesabiwa sawa na za wengine. Katibu anaita jina, mwenye jina anasema "Nipo", Sikio linaongeza moja.

Lakini Karakana walikuwa na adabu yao, ya zamani kuliko Sikio. Jina likiitwa na mwenyewe hayupo, jirani yake wa kwenye benchi humsemea: "Yuko njiani." Kumwacha mtu ukimya umjibie ni kumtia aibu. Waliosemewa hivyo wakiwa hawajatokea mpaka chai inakwisha, wapita mlangoni huondoka wawili wawili kwenda kuwagongea. Hata aliyekufa jina lake liliitwa kwa siku arobaini, na kwa siku arobaini alisemewa kwamba yuko njiani, kisha ndipo akakatwa kwenye daftari.

Sikio halikujua adabu. Lilisikia koo la jirani, ambalo lilishahesabiwa, basi likalipuuza.

Mwajabu, mke wa mwenyekiti Rajabu Kisoki, alipofariki, walio hai walibaki sitini kamili, na wiki ya arobaini mmoja wao akahama. Siku ya arobaini na moja Sikudhani alikaa na kalamu mkononi mbele ya jina lile mpaka wino ukakauka. Kumbukumbu za sauti za Jumamosi zote alikuwa nazo, kwa kuwa yeye ndiye aliyefunga mitambo. Alichukua "Nipo" moja ya Mwajabu, akaipitisha kwenye spika ya dirishani kana kwamba inatoka nyumbani, na Sikio likaikubali. Siku ile alijiambia ni kwa wiki moja.

Kidude alichokitengeneza kwa kazi hiyo hakukipa jina. Kilikaa ndani ya boksi la biskuti chini ya meza ya ufundi, na kadiri watu walivyokufa au kuhamia kwa watoto wao, naye alikiongezea sauti. Wengine wakajiandikisha, wengine wakaondoka, orodha ikafika sitini na watatu, na kati yao thelathini na wawili walikuwa ndani ya boksi. Idara ya Mitaa iliipongeza Karakana kwa barua. Familia tatu zilizofukuzwa na maji ya bondeni ziliomba kuandikwa pale, zikajibiwa kwamba mtaa umejaa.

Mwaka jana akakiongezea jambo jingine, dogo tu, la huruma. Wazee walikuwa wakipitiwa na usingizi au kuchelewa kuifikia redio, na yeye hakutaka kupoteza sauti ya mtu aliye hai kwa sababu ya usingizi. Akakielekeza kidude kwamba aliye hai akiitwa na pumzi tatu zikapita kimya, kimsemee. Alikifundisha adabu ya Karakana, na alijisifu kimoyomoyo siku aliyofanya hivyo. Tangu hapo hakuna jina lililokosa kuitika, na wapita mlangoni wakawa wanakunywa chai na kwenda zao.

Melania ndiye pekee aliyemwambia usoni. Walikuwa marafiki kwa miaka thelathini na nne, tangu walipokutana wakigombea ndoo moja bombani. Melania alikuwa mpita mlangoni mwenziwe, na ndiye aliyegundua kwamba Mwajabu alikuwa akiitika kwa mkwaruzo uleule wa koo kila wiki. Alisema Sikudhani amewafanya wachache wajione wengi, na kwamba watu wanaojiona wengi hawatafutani. Sikudhani alimjibu maneno mabaya, ambayo hapa hayana haja ya kurudiwa. Tangu siku ile, miezi mitano, Melania hakukanyaga ukumbini. Watu walidhani ni mguu. Aliitikia nyumbani kwenye redio, neno moja kavu lililonyooka, na Sikudhani aliishi wiki nzima akilingoja neno hilo.

Ndiyo maana Jumamosi ile alifurahi kupita kiasi. "Nipo" ya Melania ilikuja na tabasamu ndani yake. Sikudhani alirudi nyumbani amejawa na matumaini, akapika makande mengi kuliko tumbo la mtu mmoja, akayafunika kwenye bakuli la kupeleka. Alivaa hata viatu. Kisha kiburi kikamshika mlangoni: kama amelainika, si aje yeye kwanza? Alivua viatu, akala makande peke yake, na wakati huo Melania alikuwa hai, nyumba ya tatu kutoka hapo.

*

Kisoki alikuja kwenye chumba cha redio pale ukumbini Alhamisi asubuhi, kabla watu wa mbegu hawajafika. Alikuwa mzee mrefu, mkimya, aliyekuwa akipaka mabasi maandishi enzi za gereji, na mpaka leo aliandika hata orodha ya sokoni kwa herufi za kupendeza. Alikuja kuulizia siku ya kufanyia hitima ya mama yake ukumbini. Sikudhani hakumpa nafasi, alimpa karatasi ya muuguzi.

Mzee aliisoma mara mbili. Mara ya pili kidole kilisimama kwenye neno Jumapili na hakikuendelea. Akauliza ni nani mwingine ameiona. Hakuna. Basi Sikudhani alimweleza yote, boksi la biskuti, zile pumzi tatu, na alipokuwa akieleza aligundua kwamba Kisoki hashangai panapostahili.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua," akasema.

"Dada, mke wangu nilimteremsha kaburini kwa mikono hii. Ulidhani nikimsikia ananiitikia spikani nitasema amefufuka?"

Alisema mwanzoni alifikiri ni redio imekosea. Kisha akatambua ni mkewe, akanyamaza, na baada ya wiki chache hakutaka tena jambo lile litajwe na mtu yeyote. Hufika mapema kila Jumamosi akae chini ya spika ya dirishani, kwa sababu mkewe hutokea pale. Ni neno moja tu kwa wiki. Wengine nao wana watu wao mle ndani na wanajua, kila mmoja anajidai hajui, mambo yanakwenda.

Sikudhani alisema atakizima Jumamosi na atawaambia watu. Kisoki aliikunja ile karatasi vizuri, akaiweka mezani.

"Watoe walio hai," akasema. "Hilo ni kosa, lirekebishe leo hii. Lakini waliokufa wamemdhuru nani? Ukiwatoa hao, mtaa umekwisha. Mimi utanipeleka kwenye chumba cha baridi, nikae na ukuta. Nakuomba, usimzime Mwajabu."

Sikudhani pia angepelekwa kwenye chumba hicho. Mzee alingoja kidogo, akaondoka bila kuaga, na hitima ya mama yake hakuitaja tena.

Alipobaki peke yake alilivuta boksi, akatafuta kilichosikika Jumamosi. Kidude kilikuwa na Jumamosi nyingi za Melania, zaidi ya elfu, kavu na za mafua na za haraka. Ile kiliyoichagua ilikuwa ya mwaka wa mafuriko. Siku hiyo ukumbi mzima ulikuwa umelowa, na wao wawili walikaa juu ya meza wameinua miguu, wakicheka jambo ambalo hakulikumbuka tena. Chini ya "Nipo" ya Melania kicheko chake mwenyewe kilisikika kwa mbali.

Alikirudia. Akakirudia tena. Akaona jinsi lilivyo jambo rahisi. Akiziondoa zile pumzi tatu tu, walio hai watajisemea wenyewe, hakuna atakayelala sakafuni bila kujulikana. Na Melania atakuwa akimwitikia kila Jumamosi kwa sauti hii, bila ugomvi, maisha yake yote. Hakuna atakayejua. Aliitaka sauti ile kwa tamaa iliyomtisha.

Lakini hesabu aliijua. Leo ni thelathini na watatu ndani ya boksi na thelathini nje. Mwaka ujao thelathini na watano, kisha arobaini. Itafika Jumamosi mtu mmoja anasimama na daftari anaita majina, sitini na wawili wanamwitikia vizuri sana, Sikio linampongeza. Na huyo mmoja akianguka, nani atajua? Alikaa hapo ameshika boksi mapajani mpaka watu wa mbegu wakaanza kuingia na vikapu vyao, akalazimika kuuliza nani amepanda bamia mwaka huu, ilimradi aongee.

*

Jumamosi saa kumi alasiri watu walikaa penye nafasi zao, na penye nafasi za wengine palikuwa wazi kama kawaida. Kisoki alikuwa chini ya spika ya dirishani, kofia amevaa, macho ameyaelekeza kwenye mbao za sakafu.

Sikudhani aliliweka boksi la biskuti juu ya meza, waya ukining'inia. Alikuwa ametunga hotuba tangu Alhamisi, ndefu na yenye mpangilio, na yote ilimtoka.

"Melania hakuitika Jumamosi iliyopita," akasema. "Kiliitika hiki. Mimi ndiye niliyekitengeneza. Yeye alikuwa hai mpaka Jumapili alfajiri, yuko sakafuni, na sisi tulikuwa hapa tunakunywa chai."

Hakuna aliyepiga kelele. Mwanamke mmoja wa kwaya alijifunika uso kwa khanga. Mzee wa bendi akauliza taratibu kama nesi ana hakika, akaambiwa ndiyo. Kilichomuumiza Sikudhani zaidi ni kwamba watu waligeuka kuangalia mabenchi, mmoja mmoja, wakihesabu, kama vile hawajawahi kuyaona.

Akafungua daftari, akaita.

Wa kwanza aliitika. Wa pili, wa tatu. Jina la nne lilikuwa la mtu aliyehama miaka miwili nyuma, na jirani yake wa benchi, kwa mazoea, akasema yuko njiani. Alipofika jina la saba hakuna aliyesema hivyo tena. Lilikuja jina, ukaja ukimya, Sikudhani akaweka alama, akaenda jina linalofuata. Sauti za redio za ukutani zilikuwa chache, zikitoka spikani na mikwaruzo yake, na watu waliinua vichwa kila ilipotokea moja.

"Mwajabu Kisoki."

Alisikia pumzi zake mwenyewe. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Spika ya dirishani ilinguruma kidogo kwa umeme tu. Jirani wa benchi wa Mwajabu alikuwa mumewe, na adabu ilikuwa yake. Kisoki alivua kofia.

"Hayupo," akasema.

Akasimama, akapita katikati ya mabenchi bila kumtazama mtu, akatoka nje. Sikudhani alitamani kumfuata, lakini daftari lilikuwa na majina mengine. Alipofika kwa Melania Kibena aliliita kwa sauti ileile aliyoitia majina yote, kisha akakumbuka kwamba kwenye benchi la mbele jirani wa Melania ni yeye. Alisema mwenyewe kwamba hayupo, akaweka alama, akageuza ukurasa.

Mwisho Sikio lilisoma hesabu kwa ile sauti yake ya binti mwenye adabu. Ishirini na tisa. Taa yake, ambayo tangu iwekwe haijawahi kuwa na rangi nyingine ila kijani, iligeuka njano. Jumamosi ya kwanza kati ya nne ilikuwa imekwisha.

Ni yule mwanamke wa kwaya aliyesema, akiwa bado ameshika khanga mdomoni, kwamba walio hai wako thelathini.

Sikudhani alirudi kwenye daftari. Alama moja haikuwa ya marehemu wala ya aliyehama. Ilikuwa ya Damasi Lugome, mchomeleaji mstaafu wa mabodi ya mabasi, mkaidi, anayekaa peke yake nyumba ya mwisho karibu na mfereji. Miguu yake ni mibovu, haji ukumbini, huitikia redioni. Jirani yake wa zamani alikuwa ameanza kusema yuko njiani, akaishia katikati.

Chai ilikuwa mezani. Hakuna aliyeigusa.

Wapita mlangoni huenda wawili wawili, na mwenziwe Sikudhani alikuwa amezikwa Jumanne. Alijifunga mtandio, akatoka peke yake. Kisoki alikuwa amesimama pembeni ya tangi la maji, kofia mkononi. Alimsikiliza mpaka mwisho alipotaja jina la Damasi.

"Sijakusamehe," akasema. "Twende."

Walitembea upande kwa upande bila kusemezana. Mtaa ulikuwa na nyumba nyingi kuliko Sikudhani alivyokumbuka, na milango mingi ilikuwa na vumbi la viangazi viwili. Alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho amemwona Damasi kwa macho, akashindwa. Mboga za wazee hupelekwa na kitoroli kinachojiendesha. Kinaacha kapu lililojaa kibarazani na kuchukua tupu. Kapu la jana lilikuwepo bado pale kibarazani, mchicha umenyauka.

Sikudhani alipiga hodi, akagonga. Kimya. Akagonga tena kwa kiganja chote, akamwita kwa jina, na akili yake ikawa imekwisha ingia ndani, imeona sakafu. Kisoki alimsogeza taratibu, akaweka bega kwenye mlango.

Ndani kiti kilikwaruza sakafu. Hatua zilikuja polepole, na fimbo katikati yake, zikasimama nyuma ya mbao.

"Nani?"

Kisoki ndiye aliyejibu kwamba ni wapita mlangoni.

Huko ndani fimbo iliegemezwa ukutani.

"Redio nimeizima tangu masika," Damasi akasema. "Kila Jumamosi nakaa hapa kwenye kiti. Nilitaka nione mtakuja lini."

Kisha wakasikia komeo likivutwa.